Mkono Uliozoea Mkasi

Siku ya kwanza nilipofanya biashara na fundi bati alinishinda, na jambo hilo sikulisahau. Alikuja dukani kwangu kununua vipande vya mabati vilivyobaki baada ya kukatwa kwa oda kubwa. Mimi niliviita vipande. Yeye aliviita takataka, tena mbele ya wateja, kisha akaniuliza nitampa kiasi gani aniondolee. Nikacheka. Akachukua bati zima kwenye rundo, akaliinua hadi usawa wa uso, akalitazama kwa urefu wake macho yote mawili yakiwa wazi, akasema limepinda, na wenzake wote chini yake wamepinda, kwa sababu wapakuzi wangu huyashusha garini kwa kuyatupa. Ilikuwa kweli. Aliondoka na vipande vyangu kwa nusu ya bei.

Miezi michache baadaye akanishinda tena. Kando ya duka langu kulikuwa na chumba chenye mlango mpana unaofungukia barabarani. Nilikuwa nakimezea mate kwa ajili ya nondo zangu, ambazo zililala nje zikishika kutu. Nikiwa bado nambembeleza mwenye jengo apunguze kodi, fundi alikwenda asubuhi moja akakubali kodi ile ile niliyokuwa naikataa, akasaini mkataba wa miaka kumi. Mimi nilipata habari kwa kusikia nyundo ikigonga upande wa pili wa ukuta wangu.

Sisemi nilipata hasara. Mtu akishanunua mabati kwangu alivuka mlango mmoja tu, akakatiwa kofia za paa, zile za kufunika kilele chake, na mifereji ya maji kwa kipimo cha nyumba yake, siku hiyo hiyo. Lakini kila nilipopita nikaona nondo zangu nje na yeye ndani kajinafasi na meza yake moja, roho iliniuma. Kwa miaka saba nilimwomba aniachie chumba kwa kila hila ninayoijua. Alinisikiliza kwa adabu, akaniita dada, akaendelea kukata.

Ukutani mwa karakana yake kulikuwa na karatasi kuukuu yenye tundu moja katikati. Nilidhani imeliwa na panya. Siku moja nilimuuliza kwa nini anatunza uchafu ule, akanieleza kwamba tundu lile ni risasi kumi za bastola, zilizopita mahali pamoja, na aliyezipiga ni yeye. Kumbe kabla ya bati alikuwa mlinzi wa kusindikiza mizigo ya thamani, miaka kumi na mmoja, bastola kiunoni. Kampuni ilipofungwa akajiunga na baba mkwe wake, fundi bati, akajifunza mkasi na nyundo. Tangu hapo hakugusa silaha miaka tisa.

Sasa ikafunguliwa kampuni nyingine. Ilitaka walinzi wa bastola wenye uzoefu, wasiozidi miaka hamsini. Yeye alikuwa na arobaini na tisa na miezi saba. Miaka yake ya zamani ingehesabiwa, akiongeza minne tu apate pensheni. Aliniambia bati halina pensheni, kisha akageuka kugonga kana kwamba hakusema kitu.

Niligundua kwamba ameiomba kazi ile na mambo yamekwenda vibaya aliporuhusu mfereji utoke mikononi mwake ukiwa umepinda. Hilo sikuwahi kuliona. Nikamwuliza, akanijibu kama mtu anayetoa habari za msiba. Jaribio lilikuwa risasi ishirini na tano, mita kumi na tano, duara la ukubwa wa sahani, na ishirini lazima ziingie. Alipata kumi na moja. Atarudia mara moja baada ya wiki sita, na hakuna mara ya tatu.

Nikakaa kwenye kigoda chake nikampa masharti. Nitamlipia uwanja wa shabaha na risasi za mazoezi, mara mbili kwa wiki, hadi siku ya jaribio. Akifaulu, ananiachia chumba na mkataba wake. Akishindwa, ananikatia kofia za paa bure kwa miezi sita.

"Kwa hiyo wewe hushindwi," akasema.

"Mimi siingii penye mlango mmoja, fundi."

Aliniangalia kwa macho yale mawili wazi, akanipa mkono.

Juma la kwanza nilimfuata uwanjani nione hela yangu inakwenda wapi. Ulikuwa uga mrefu wenye ukuta wa mchanga mwishoni, meza za mbao, na watu waliovaa viziba masikio wakizungumza kwa kupayuka. Mkufunzi alikuwa mwanafunzi wa fundi tangu siku za ulinzi, mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni, na sasa yeye ndiye wa kumpasisha au kumfelisha. Alimwita afande, kama zamani, ila safari hii neno lilikuwa na pilipili kidogo.

Risasi zilianguka chini kushoto. Si moja wala mbili. Karibu zote, kama zimeitana. Fundi akasema ni bastola. Akabadilishiwa bastola, nazo zikaanguka chini kushoto. Akasema ni risasi za bei rahisi, akinitazama mimi. Nikanunua za bei kali. Chini kushoto. Akasema ni macho, akaenda kupimwa, akarudi na miwani. Kile kinundu cha mbele cha kulengea, alichokuwa akikiona kama ukungu, kikawa safi kabisa. Sasa alikuwa anakosa huku anaona vizuri.

Ndipo akaanza ujanja. Akalenga juu kulia ili zidondokee katikati. Mimi nilipendezwa, ndivyo ninavyopanga bei, unaanzia juu ukijua mteja atakuvuta. Na kweli, tano kati ya saba zikaingia kwenye duara. Mkufunzi akaja akasimama nyuma yake, akangoja amalize.

"Afande, hiyo ulitukataza wewe mwenyewe. Ulisema anayelenga pembeni ili apate katikati, siku moja atampata aliye pembeni."

Fundi aliweka bastola mezani akaikunjua miwani na kuikunja, mara nne.

Juma la pili mkufunzi alichanganya kati ya risasi zake moja bubu, isiyo na baruti, bila kumwambia imekaa ya ngapi. Fundi akapiga moja, akapiga ya pili, ya tatu haikulia. Lakini wote tuliona. Mdomo wa bastola ulichovya chini kushoto peke yake, kama kichwa cha mtu anayesinzia ibadani. Hakukuwa na mshindo wa kuusingizia. Mkono wenyewe ndio ulioivuta.

"Unaogopa mshindo, afande," mkufunzi akasema.

"Siogopi kitu."

Nilimwamini. Mtu mwoga namjua, huwa anakubali bei ya kwanza.

Nyumbani akaanza mazoezi makavu. Kwa kuwa bastola haikuruhusiwa kutoka uwanjani, alitumia chupa ya mkewe ya kunyunyizia maji nguo za pasi, ile yenye kibano cha kubonyeza kwa kidole. Aliweka sarafu juu yake, akalenga kalenda, akabonyeza. Sarafu ikaanguka. Jioni nzima mkewe alisikia sarafu zikianguka sakafuni. Alikuja dukani akanilalamikia: wifi, nguo za watoto zina makunyanzi, na huyu ameulowesha mwezi mzima wa sita.

Jibu nililipata bila kulitafuta. Nilikuwa karakanani nikibishana naye juu ya upana wa mfereji, naye anakata huku akibisha. Mimi nimekula chumvi ya biashara kwa kutazama mikono ya watu, maana uso hudanganya. Nikaona kwamba kila mkasi ulipofunga, vidole vyote vitano vilifunga pamoja na kifundo kikazama. Mkasi wa bati hauna kidole kimoja. Unakaba kwa kiganja kizima au haukati. Miaka tisa, siku sita kwa wiki, mkono ule ulikuwa umefundishwa kwamba kubonyeza ni kukaba.

"Fundi," nikamwambia, "bastola hupigi. Unaikata."

Alikasirika. Siku mbili hakunisalimia, na ukutani kwangu nyundo ilipiga kwa nguvu isiyo ya kazi. Siku ya tatu alikuja na mkasi wake umefungwa kwenye gunia, mkasi mzito wa kurithi kwa baba mkwe, akauweka mezani kwangu, akasema niufungie mpaka siku ya jaribio, hata akiuomba mwenyewe nisimpe. Nikauweka kwenye droo, ufunguo nikauvaa shingoni.

Mkewe alimfunga vidole vitatu vya chini kwenye ile chupa kwa utepe wa kitambaa, kidole cha shahada kikabaki peke yake na kazi. "Vidole nimefunga, wifi," aliniambia. "Mdomo nao ungefungika ningefunga, maana ananung'unika mpaka usingizini." Uwanjani zikaingia kumi na nne. Kisha kumi na nne tena. Kisha kumi na tatu, na siku hiyo alirusha miwani. Kisha kumi na saba. Mwisho wa wiki ya nne, kumi na nane.

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Mapato yalikuwa yamelegea kwa sababu mafundi wa kofia hakuna, na wateja walinunua mabati ng'ambo ya barabara, kwa mpinzani wangu. Akaja mkandarasi mmoja anataka mabati ya jengo zima, kwa sharti kwamba aondoke na kofia arobaini jioni ile. Nilifungua droo. Fundi alikataa. Nikamkumbusha nani analipia risasi. Akachukua mkasi, akakata kutoka asubuhi hadi jua la jioni lilipoingia mlangoni, na hakuniita dada hata mara moja.

Kesho yake uwanjani alipata kumi na mbili.

Alikaa kwenye benchi akikiangalia kiganja chake kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Mkufunzi alinitazama mimi, akatoa kalamu sikioni, akairudisha.

"Zile kofia arobaini umeziuza bei gani?" fundi akaniuliza.

Nikamtajia.

"Basi ndiyo bei ya wiki zangu tatu."

Zilibaki siku kumi na mbili. Nikalipia uwanja kila siku. Si huruma, nilikuwa nimeharibu bidhaa yangu mwenyewe na ilibidi niitengeneze. Ilikuwa kazi ya kuchosha roho. Leo kumi na tano, kesho kumi na tatu, kesho kutwa kumi na sita na matusi. Alikuwa anapiga tatu safi kabisa, kisha ya nne mkono unakumbuka bati. Mara mbili alitaka kuacha. Mara moja mimi ndiye niliyetaka, nikapiga hesabu ya miezi sita ya kofia za bure nikaona si mbaya. Siku ya mwisho ya mazoezi alipata kumi na tisa, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ya jaribio nilisimama nyuma ya mstari mwekundu, pamoja na mkewe. Karatasi ilikuwa mbali, matundu siyaoni. Hivyo nikatazama mkono. Risasi kumi za kwanza niliona vile vidole vitatu vikikaba mara tano. Nikamwambia wifi, tano zimetoka. Akaniuliza nimejuaje, nikamwambia anyamaze. Kwa zile zilizobaki hakuruhusiwa kukosa hata moja, na nadhani na yeye alijua.

Alishusha bastola. Muda ulikuwa unakwenda, mkufunzi aliangalia saa yake. Fundi alifungua kile kiganja, akanyoosha vidole vyake vyote, akavirudisha kimoja kimoja kwenye mpini, polepole, kama mtu anayempangisha chumba mpangaji asiyemwamini. Kisha akapiga kumi na tano. Vidole vitatu vilikaa kimya. Kidole kimoja kilifanya kazi. Karatasi ilipoletwa mkufunzi alihesabu mara mbili kwa ncha ya kalamu, akaandika ishirini, na safari hii alipomwita afande pilipili haikuwamo.

Chumba nimekipata. Nondo zangu zinalala ndani, kavu. Lakini mauzo ya mabati yameshuka karibu theluthi, maana watu, kumbe, walikuwa wakija kwa kofia na kununua bati kwa sababu liko karibu. Wateja hao anao mpinzani wangu sasa, pamoja na fundi bati aliyemweka mlangoni.

Yeye kapata sare, mkanda na miaka yake minne. Anasimama mlango wa nyuma wa magari saa nane kwa siku, na kila miezi sita anapimwa upya, kwa hiyo mkasi haugusi kabisa. Paa la nyumba yake mwenyewe lilipovuja, ilibidi aite fundi na kumlipa, na mkewe hamalizi kulisimulia. Nilimwomba aje Jumapili tu, kofia chache, kwa bei ambayo sijawahi kumpa mtu. Akaniambia mkono huu umeshauzwa, dada, na dalali ulikuwa wewe.

Mkasi ulibaki kwenye droo yangu. Aliniambia niuuze tugawane, nikamuuzia yule fundi wa ng'ambo. Juzi alipita dukani na sare yake kuchukua fungu lake, akaniuliza nimeuza bei gani. Nikamwambia.

"Umepunjwa," akasema.