Mtoto wa Jicho

Nikiwa mtoto pale Mkuyuni, nilikatazwa zambarau. Wenzangu walizila mpaka ndimi zikawa nyeusi, mimi nikabaki kumeza mate. Bibi aliyenilea alishikilia kwamba tunda linalotia weusi ulimini halikomei mdomoni. Hupanda hadi machoni, likapofua mlaji au yule anayemlea. Hebu fikiria kumwambia mtoto neno kama hilo!

Nilizila hata hivyo, mchana kweupe, nikitoka shule. Tamu kweli, nisidanganye. Nikasukutua mdomo mtoni, nikamkuta Bibi uani akichambua mchicha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

Nilidhani ananitania. Akainua uso, akatazama kando yangu. "Sema basi, nani?"

Nikamsogelea. Mboni zake zilikuwa na ukungu ambao sikuwahi kuuona. Ulikuwa mweupe, wala si mweusi, ila sikuwa na akili ya kuhoji rangi.

Mama mdogo alimpeleka hospitali mjini. Waliporudi alituambia jicho moja limeshaziba, la pili limebakiwa na mwanga kidogo, na angefanyiwa upasuaji zamu yake ikifika. "Wamesema ni mtoto wa jicho," akamalizia.

Mtoto! Nilijua mtoto huyo ni nani. Tangu hapo hata ugali sikuugusa.

"Mbona sikusikii ukila?" Bibi aliniuliza jioni moja.

Nikaangua kilio. "Mtoto wa jicho ni mimi, Bibi. Nilikula zambarau."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. "Huo ni ugonjwa, we mtoto! Ndilo jina lake!" Lakini mimi nilizidi kulia, na Bibi hakucheka.

"Kaniletee hizo zambarau," alisema.

Nilipozileta alikula moja baada ya nyingine, maji yake yakimchuruzika kidevuni. "Haya. Nimekula kwa mkono wangu mwenyewe. Kama kuna lolote, ni langu. Sasa kula ugali wako."

Nikala. Upasuaji ulipofanyika aliona tena, lakini zambarau hakuzigusa mpaka anafariki.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kuwachekesha watu. Majuzi nilikuwa kliniki ya macho mjini Morogoro, muuguzi akituhimiza kula mboga za majani na matunda ya rangi iliyokoza. Akazitaja zambarau. Alisema ile rangi inayobaki ulimini ina viini vinavyodhaniwa kusaidia kulinda macho, ingawa haviondoi mtoto wa jicho. Hilo ni la upasuaji tu.

Kumbe tulikuwa tukikimbia chakula! Nikawaza jinsi Bibi angeguna kwa dharau, maana yeye angembishia muuguzi yule mpaka kesho.

Hapo ndipo moyo uliponilipuka. Bibi hakuacha kuamini hata siku moja. Jioni ile aliamini kabisa kwamba zambarau zitamzimia jicho lake lililobaki, na bado alikula ili mimi nile.