Aliyempisha Mama Sokoni

Nikishuka siku hizi kwenda sokoni kando ya Mto Thuci, vijana hunionyesha maduka ya zamani ya mawe na kuniambia hiyo ndiyo historia. Nawaitikia tu. Yangu naijua, nayo ilitokea kwenye uwanja uleule wa soko.

Enzi za Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa uhuru msituni, tulikuwa tumefungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na tuliruhusiwa kutoka siku ya soko tu. Siku hiyo tulikwenda watatu: mama, kaka yangu na mimi, msichana niliyekwisha kuvunja ungo. Njia ilipita katikati ya mashamba yetu wenyewe. Nyumba zilikuwa zimechomwa, lakini migomba iliendelea kuzaa, na ndizi zikaiva na kuoza bila wa kuzikata. Hata mbwa hakubweka. Niliogopa, nikashika leso ya mama kama mtoto mdogo.

Kaka hakutaka kuja. Aliwahi kuwapelekea watu wa msituni unga wa mtama, jambo tulilolijua sisi wa nyumbani tu. Lakini mwanamume asiyeonekana sokoni alitiliwa shaka, kwa hiyo mama akamwambia abebe kikapu na ainamishe macho.

Tulikuta soko limezingirwa na askari. "Simama laini moja! Hapana ongea!" homgadi mmoja, mgambo wa serikali, alitufokea.

Mbele yetu alisimama mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, limetobolewa matundu mawili ya macho. Kila mmoja alipitishwa mbele yake. Akitikisa kichwa, uliachwa. Akikiinamisha, ulipandishwa lori, na wengi waliopandishwa hatukuwaona tena.

Zamu ya mama ilipofika, mtu yule wa gunia alisogea pembeni, akageuka na kumpa mgongo mpaka alipopita. Askari Mzungu alicheka, akidhani jamaa anamwogopa mwanamke mzee. Sisi hatukucheka. Kwetu mwanamume humpisha hivyo mtu mmoja tu, mama mkwe wake. Na mama alikuwa na mkwe mmoja, mume wa dada yangu, aliyekuwa amekula kwetu wiki hiyohiyo.

Kisha akarudi mahali pake, akamtazama kaka, akainamisha kichwa.

Kaka akapandishwa lori. Nilibeba kikapu chake hadi nyumbani, na mpaka leo sioni gunia bila kulitafuta macho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; hawakusema kwamba utaendelea kukipikia.

Jioni dada alikuja mbio, analia, mtoto mgongoni. Nilifungua kinywa nimwambie. Mama alimtazama yule mtoto, akanibana mkono mpaka nikanyamaza. Dada akasema atamsihi mumewe, kwa kuwa anafahamiana na wakubwa, aende akamtafute kaka.

Mama alimpangusa machozi kwa kiganja.

"Nenda ukamwombe, mwanangu," alisema. "Huyo anajua mahali pa kuuliza."