Programu Yangu Ilinikataa Mwenyewe

Nilijifundisha kuandika programu kwa simu, na naogopa data chafu kupita kiasi. Basi katika kazi yangu ya kwanza, kusajili watoto wa chuo chetu cha Kurani kijijini Chokocho, nilifunga konstrakta, kile kipande cha programu kinachounda rekodi mpya. Iwe ya faragha, pasiundwe rekodi bila ukaguzi wangu. Jina la kwanza likifanana na la tatu, ukaguzi ulikataa, kwani nilidhani mtu amekosea kuandika.

Jana, mbele ya wazazi, Maalim aliandika Ali Hamad Ali, mtoto aliyepewa jina la babu yake. Likakataliwa. Juma Faki Juma, vilevile. Nikababaika, nikazima kompyuta, nikawasha.

“Hebu mwanangu, jaribu lako,” alisema Maalim.

Nikaandika Khamis Juma Khamis. Ikajibu: “Jina si sahihi.”

Bi Time, mmoja wa wazazi, akauliza, “Maalim, basi huyu tuliyemwita atusajilie watoto ni nani?”