Tangi la Bwana Samaki

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa karakana ya maji hapa Tukuyu alinikabidhi mashine ya kuchonga uzi, yaani ile michirizi ya kufungia koki mwishoni mwa bomba. Akasema, "Binti, chuma hakijui kama wewe ni mwanamke. Kaza mkono." Nikakaza. Baadaye nilipelekwa Kinyala kwenye tangi la chanzo, kisha nikarudishwa mjini chini ya Mhandisi wa Maji, mtu mpole aliyeuliza maswali zaidi kuliko alivyotoa amri.

Likaja soko huria. Idara zikapunguza watu, nami nikawa fundi wa kujitegemea. Aliyekuwa Afisa Uvuvi, ambaye wote tulimwita Bwana Samaki, naye alikuwa amepunguzwa. Akaniita kwake Makandana. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Nyasa, aliotaka kuwazalisha awauze Dar es Salaam.

"Mama Atu," akasema, "nataka maji yashuke kwenye pipa la mchujo chini ya meza, pampu iyarudishe juu. Ila kioo usikitoboe. Kikipasuka nimekwisha."

Nikaning'iniza kisanduku cha plastiki nje ya tangi, chenye bomba la kushukia pipani. Bomba jingine nikalipinda juu ya ukingo, mdomo mmoja tangini, mwingine kisandukuni. Ukiinyonya hewa yote, maji hupanda yenyewe na kuvuka. Tukafurahi.

Umeme ukakatika. Maji yakaendelea kuvuka, yakashuka tangini mpaka bomba lile lililopindwa likanyonya hewa. Umeme uliporudi, pampu ikapandisha maji, lakini hayakuwa na njia ya kushukia. Tangi likafurika. Samaki mmoja tulimwokota mkekani.

Bwana Samaki akamtazama kiganjani mwake. Kisha akauliza, "Je, midomo yote miwili ya bomba ikizama daima?"

Swali hilo lilinisisimua. Tukaweka kisanduku kingine ndani ya tangi, maji yaingie kwa kuvuka ukingo wake tu. Kwenye kile cha nje nikainua mdomo wa bomba la kushukia. Sasa hata pampu ikizimwa, visanduku vyote hubaki na maji. Nikachomoa waya. Maji yakashuka kidogo, yakatulia. Nikachomeka. Yakavuka.

"Ndaga fijo," akanishukuru sana kwa Kinyakyusa.

Wiki chache baadaye aliniita tena. Samaki jike, ambaye huatamia mayai kinywani, alifungua kinywa, wakatoka watoto wadogo kama mbegu za ulezi.

"Hawa si watapita kwenye kisanduku chako?"

Nikauinua ukingo wa kisanduku cha ndani, nikauchana kwa msumeno kama meno ya kitana, maji yapite, watoto wabaki. Biashara ile ilimsomeshea wanawe.

Sasa nimestaafu. Mabomba mengi niliyolaza yamefukiwa, na maji yake sikuyaona yakipita. Lakini siku ile Makandana nilivuta kigoda, nikayatazama yakivuka, mpaka chai ikanipoa mkononi.