Jibu Nililomwandikia Fundi wa Mikumi

Fundi mmoja wa kompyuta wa Mikumi alinipotezea mteja, na mimi nikamsubiri miaka miwili.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeweka meza yangu ya ufundi Magomeni, mjini Kilosa. Mwalimu mmoja mzee kutoka Lumuma aliniletea laptop iliyokuwa ikiwaka, inaonyesha nembo, basi, haiendelei. Ndani yake kulikuwa na alama za wanafunzi wa shule nzima. Nikaingia kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni nikaandika: “Shikamooni wakubwa zangu, nina shida.” Kisha nikasubiri. Kwetu humtupii mkubwa shida yako kabla hajakuitikia. Marahaba zikaja moja moja, na kila iliyokuja niliijibu kwa kipande cha tatizo. Jambo kubwa kuliko yote, kwamba kazi za mwalimu zisipotee, nililiandika mwisho kabisa.

Fundi wa Mikumi hakusoma mpaka huko. “Dogo, piga window, kazi imeisha,” aliandika.

Nikauliza kama hakuna njia nyingine.

“Kwani huko Kilosa umeme umefika lini?” akajibu.

Watu wakacheka. Kwa aibu nikapiga window kweli, yaani nikafuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Mwalimu aliiwasha laptop mbele yangu, akatafuta, akaifunga taratibu. “Asante, mwanangu,” alisema. Hakurudi, wala hakuna mwalimu mwingine wa Lumuma aliyewahi kufika mezani kwangu.

Kosa la kuuliza vibaya lilikuwa langu, na nililirekebisha. Nikawa naandika swali zima mara moja: mashine gani, imeanza lini, nimejaribu nini, kitu gani kisiguswe. Salamu mstari mmoja. Nikajifunza na kujibu, hadi watu wakaanza kuniulizia. Lakini kila nilipoingia jukwaani, nilitazama kwanza kama yule wa Mikumi ameandika.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, akaandika: “Msaada wa haraka, kompyuta ya mteja imegoma.” Hakuongeza neno.

“Shikamoo mkubwa,” niliandika. “Imegomaje?”

“Haiwaki vizuri.”

“Vizuri vipi, mkubwa?”

Nilimuuliza swali moja moja, watu wote wakisoma. Kufikia alasiri alikuwa amekwisha kusema kwamba kompyuta ni ya hoteli, ilichomolewa kipindi chote cha mvua, inakwama kwenye nembo, saa yake imerudi miaka nyuma, na majina ya wageni wote waliolipia vyumba yamo humo. Mwenye hoteli, aliandika, alikuwa amekaa pembeni yake.

“Dogo, kama unajua si useme tu.”

“Ngoja nielewe kwanza, mkubwa.”

Nilikuwa nimeshaelewa tangu aliponitajia saa. Nikamwacha asubiri kidogo, kisha nikaandika jibu kamili: usipige window, betri ndogo ya ndani imekufa, hivyo mpangilio wa diski umebadilika wenyewe, weka betri mpya, rudisha mpangilio hivi na hivi. Chini yake nikabandika jibu lake la zamani, pamoja na vile vicheko, nikaeleza yaliyompata mwalimu.

Kompyuta ikawaka. Baadaye akanitumia ujumbe wa faragha: nifute ile sehemu ya chini, wateja wake wanaisoma.

Nikamwambia aandike ombi lake jukwaani, aseme kifutwe nini na kwa nini, kwa maneno ambayo kila mtu ataelewa. Mpaka leo hajaandika, na mimi sijafuta.