Mbuzi ine ndani ya kamio

Batechi alikuwa amekaa chini mu barabara ya Kalembe, paja linatoka damu, na kamio yetu, lori ya jeshi, ilikuwa inaenda. Mbuzi moja ilituangalia toka nyuma ya kamio mpaka kwenye kona. Ilikuwa imekaa mu nafasi ya Batechi.

Siku ile ilianza vizuri. Tulikuwa askari wa serikali, mimi mulimaji wa maharagi wa Bihambwe, yeye muwindaji wa pori ya Walikale. Boti za kuvaa mu miguu zilikuja pungufu, kwa hiyo Ajida Zefirini, mukubwa wetu, alitupatia pere moja, boti mbili tu, watu wawili. Batechi alivaa ya kushoto, mimi ya kuume. Wenzetu walisema sisi wawili pamoja tunafanya askari mumoja muzima.

Tulikuwa na njaa ya siku mbili. Karibu na barabara, Batechi aliona mboloko, ule swala mudogo wa pori, imenaswa mu mutego. Nikatoa kisu. Akanishika mukono.

"Kwetu unaita kwanza mwenye mutego. Ukikula kimya, umeiba."

"Kaka, waasi wako ku kile kilima. Tuko mu vita."

"Sasa vita njo inifanye mwizi?"

Akaita mara tatu, na sauti ile wanaita nayo mbwa. Mara ya tatu, papa mumoja muzee, mwenye mutego, akajibu toka chini, ku muto: "Kuleni, watoto, lakini munibakishie kichwa."

Tulicheka mpaka machozi. Waasi nao walikuwa wamesikia.

Risasi ya kwanza ilipiga muti.

Ya pili ilimupata Batechi ku paja.

Nikamubeba ku mugongo. Yule papa akatokea, akanyanyua mboloko yake nzima, akatupita mbio.

"Huyu anajua kukimbia," Batechi akaniambia ku sikio. "Wamupatie kazi ya ajida."

Tulipofika ku barabara, moteri ya kamio ilikuwa imeisha kuwaka, Zefirini tayari ndani. Nyuma mulikuwa mbuzi ine, mahari ya bibi wa pili wa Zefirini.

"Ajida, nafasi ya muntu mumoja tu."

"Haiko. Nitarudia kumuchukua."

"Shusha mbuzi moja."

"Mahari niitupe mu barabara? Wakwe watanionaje?"

Akaenda.

Waasi hata hawakushuka ku kilima. Zefirini alikimbia muntu ambaye hakumufuata.

Batechi alivua boti, akanipa. "Vaa zote mbili, utafika." Nilikataa. Jua lilikuwa halijafika katikati, akakufa. Nilimuzika nayo mu mguu, nikarudia Bihambwe na mguu mumoja wazi.

Kuna watu wanasema kinywa chake njo kilimuua. Miaka mingi mimi pia nilimukasirikia. Alikosa, sikatai. Lakini munganga wa hospitali alikuwa Masisi, na kamio ilikuwa pale.

Zefirini yuko Kibabi mpaka leo. Kila siku ya Mungu, Jumapili, anakaa mu kanisa ku banki ya mbele, kile kiti kirefu, na yule bibi pembeni yake. Asimame pale, watu wote wasikie, ajibu kitu kimoja tu: mbuzi ilikuwa na miguu ine, Batechi alibakia na mumoja. Nani njo alipaswa kutembea?