Daftari Ambalo Sikulisoma

Nakumbuka siku moja, kwenye depo yangu ya samaki hapa Bunia, nilikuwa najitapa mbele ya wateja kwamba hakuna kitu duniani kingeweza kunishangaza. Nilikuwa na haki ya kujitapa. Niliacha shule mwaka wa nne wa primeri, nikaanza na beseni moja la samaki kavu wa Tchomia, kule ziwani, na kabla ya miaka thelathini nilikuwa na depo mbili. Vita nimeviona, nimevikimbia, nimerudi. Mwanangu, nishangazwe na nini tena?

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu Faustin, miaka kumi na tisa, aliyepelekwa Amerika kutoka kambi ya wakimbizi Uganda. Barua ya serikali imefika, akasema, na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa bado cha kubahatisha, jirani alikuwa anamsomea. Inataka vijana wa kiume waandikishe majina ya jeshi, hata wahamiaji.

Unajua, mwanangu, jina kwenye daftari lilikuwa na maana gani kwetu. Watu wenye bunduki walipita mtaani kwetu Rwambuzi na daftari la shule, wakaandika vijana nyumba kwa nyumba, na wengi wao hatujawaona tena. Faustin mwenyewe nilimvusha ziwa chini ya magunia ya samaki ili asiandikwe. Aliyeumwa na nyoka, hata kamba humshtua.

"Tupa hiyo karatasi," nikamwambia.

"Yaya, jirani hajamaliza kusoma."

"Nimesema tupa. Ni mimi nilikuvusha."

Akatupa. Kwetu mdogo habishani na yaya wake, ndugu mkubwa. Nikarudi kwa wateja wangu nikijisifu kwamba nimemwokoa mara mbili.

Miaka ikapita. Faustin akaomba uraia, apate pasipoti, aje kumwona mama yetu aliyekuwa anazeeka mtaani Saio, hapa Bunia, akimngoja. Kwenye biro, ofisi ya uraia, wakamuuliza kwa nini hakujiandikisha. Kumbe kule ni sheria, kwa mwenyeji na kwa mhamiaji, toka miaka kumi na nane hadi ishirini na tano. Hakuna aliyekuwa anaitwa vitani. Jina linakaa tu. Na yeye sasa alikuwa na ishirini na nane, mlango umeshafungwa. Faili ikasimama. Wakataka uthibitisho kwamba hakukataa kwa kujua.

Nikaenda kwa mama, nikitumaini atawalaumu Waamerika. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Ile daftari ya watu wa pori uliijua, ukamuficha mutoto. Aksanti. Na hii ingine, uliisoma?"

"Hapana, mama."

"Basi uliogopa kwa haki, ukaamuru kwa kiburi. Weye ulifunga mulango, weye ufungue."

Nikaenda kwenye biro ya mihuri kuapa kwamba nilimkatiza mdogo wangu kabla hajajua barua inataka nini, na kwamba mimi mwenyewe sikujua. Karani aliyasoma hayo kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Mmoja nyuma akasema polepole, "Kumbe patron wa samaki naye iko vitu hajui." Nikatia sahihi, karatasi ikatumwa Amerika.

Miezi ikaenda, ndipo jibu likaja: amekubaliwa. Faustin aliposhuka Bunia, mama alimshika masikio yote mawili kama mtoto wa juzi, hakumwachia.

Sasa weye, mwanangu, unayeondoka na karatasi zako za kuhamia: hofu uliyobeba toka huku ni ya kweli, usiione haya. Lakini madaftari yote si daftari moja. Barua isomwe hadi mstari wa mwisho, na mtu anayejua lugha na sheria za pale, kabla umri wako haujapita. Nami nikikuamuru bila kusikiliza, sema, "Papa, ngoja nimalize." Mungu akuvushe salama, jina lako liandikwe mahali pa uzima, na siku ukirudi utukute mlangoni.

Kuuliza siku ile kusingenigharimu hata senti. Kwa muhuri, tafsiri na kutuma, mimi nilitoa dola mia moja themanini na tatu.